Mtu wa Kusema Mwisho

Mimi simwamini mtu anayesifiwa na wote. Akisifiwa na watu wawili watatu, sawa, huenda ana jema lake. Akisifiwa na mtaa mzima, naanza kujiuliza amewapa nini. Ndivyo nilivyoumbwa. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, nikamtazama mkunga kana kwamba ameficha kitu mgongoni.

Kwa hiyo dada yangu alipoolewa na mtu ambaye kila mdomo unamwita Kichwa, nilicheka na kupiga vigelegele kama wenzangu, lakini jicho langu halikubanduka kwake.

Kichwa ni fundi mkataji katika karakana ya kushona sare, chini kabisa ya jumba tunamoishi. Mimi natoboa matundu na kutia vifungo hapohapo. Kiti changu kiko nyuma ya meza yake ya kukatia, kwa hiyo mgongo wake naujua kuliko uso wake. Mwenye karakana tunamwita Tajiri, ingawa soksi zake zina matundu mengi kuliko mashati yangu.

Kazi ya kukata haina mzaha. Shati likishonwa vibaya linafumuliwa, lakini kitambaa kikikatwa vibaya kimekwenda. Ndiyo maana sisi tuna desturi yetu. Ikija oda kubwa, jora linakunjuliwa mezani, mafundi wote wanaacha cherehani zao na kuizunguka meza, na kila mtu anasema anavyoona vipande vipangwe. Mkataji anasema mwisho. Akishasema, mjadala umefungwa, na mkasi unaingia.

Sifa za Kichwa zilizaliwa kwenye meza ile. Anasimama na chaki mkononi, anamkazia macho anayesema, hapepesi, hamkatizi mtu. Wote wakishanyamaza, naye anatulia kidogo, mpaka unasikia pasi ya moto ikikoroma kule kwenye kona. Kisha anasema, "Naona wengi mnataka kola zitoke upande wa pindo. Na mimi naona hivyohivyo."

Basi mafundi wanashusha pumzi. "Hicho ndicho kichwa!" mmoja anasema. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," anadakia mwingine. Mimi nimekaa na sindano yangu najiuliza, jamani, kwani amesema nini huyu? Amewarudishia maneno yao wenyewe, tofauti ni kwamba yamepigwa pasi.

Nilimwambia dada, "Mume wako ni mwizi wa akili za watu."

"Na wewe ni mwizi wa amani za watu," akanijibu. "Umeona mtu mwingine anayewasikiliza wenzake vile?"

Sikuwa nimeona, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Hakuna mwanamume duniani anayesikiliza kiasi kile bila kuwa na sababu.

Na kulikuwa na mambo mengine. Mafundi tuna tabia ya kubana pini midomoni huku tunapiga soga. Kichwa aliikataza. "Kwenye meza yangu, hakuna kuongea na pini mdomoni," alisema siku moja, na kabla jua halijatua maneno yale yalishakuwa methali. Watu waliwaambia watoto wao kwamba mtu atoe kwanza kinachochoma ndipo aseme. Simu hapokei kamwe. Inalia mezani mpaka inachoka, kisha anamwomba mtu mwingine aipokee. Wakasema mtu mwenye busara hakurupushwi na kengele. Ukimwita kutoka nyuma hageuki, wakasema anataka mtu aje mbele, mkweli hasemi nyuma ya mgongo wa mwenzake. Kila alichokifanya kilikuwa na maana, na maana hiyo walimpa wao. Yeye alikuwa anatabasamu tu.

Halafu ikaja oda ya sare za walinzi. Tajiri alipita nyuma ya Kichwa wakati cherehani zote zinanguruma, akasema, "Mikono mifupi hizo, usisahau." Kichwa akakata mikono mirefu. Mteja alipokuja kuchukua mzigo akawaka, na Tajiri akaanza kutafuta mtu wa kumlaumu. Lakini wiki hiyohiyo baridi ikashuka, baridi ya kutetemesha meno, na mteja akarudi kushukuru. Ikawa gumzo la jumba zima. Kichwa anaona mbali, Kichwa anajua mpaka hali ya hewa! Mimi nilikuwepo. Nilimwona alipoambiwa mikono mifupi, na nikaona kwamba bega lake halikutikisika hata kidogo, kana kwamba hakuna mtu aliyepita.

Nililiweka hilo moyoni. Mtu wa shuku hatupi kitu.

Sasa dada yangu ana binti mmoja, wa darasa la pili, na huyo mtaa umempa jina la Gogo. Sijui nani alianza, ila majina ya kuumiza hayakosi wa kuyabeba. Wanasema ukimtuma hatumiki, ukimwita haitiki, ukimwuliza anakutolea macho. Shuleni anakaa nyuma, anaandika lisilosemwa na halisemi linaloulizwa. Amerudia darasa na bado hakuna kitu. Wapangaji wenzetu wakimwona ngazini wanatikisa kichwa. "Baba kichwa, mtoto gogo," wanasema. "Mungu hagawi sawa."

Baada ya shule huwa anakuja karakana na kukaa chini ya meza yangu akiokota vifungo vilivyoanguka. Nilimpenda sana, na kwa kuwa nampenda nilimchunguza, maana mimi sijui kupenda kwa njia nyingine. Nikimwita akiwa amenipa kisogo, ni kama nimeita ukuta. Nikimshika kidevu na kumgeuza, nikimwambia jambo usoni, anacheka kabla sijafika mwisho. Siku moja cherehani zilikuwa zinapiga kelele kiasi cha kuziba masikio, akanivuta sketi. "Mama mdogo," akasema, "yule fundi wa dirishani anasema Tajiri ni bahili, chai yake ni maji yaliyoonyeshwa majani."

Fundi wa dirishani alikuwa upande wa pili wa chumba. Mimi mwenyewe sikuwa nimesikia hata sauti yake.

Nilipanda ngazi mbio kwa dada. "Mtoto huyu hasikii," nikamwambia. "Anasoma midomo ya watu. Hana ugogo wowote."

Dada alikuwa anakunja nguo. Hakuinua uso. "Kama hasikii, mbona wewe anakujibu?"

"Kwa sababu ananiona! Mwite kwa nyuma uone."

"Hata baba yake ukimwita kwa nyuma haitiki," akasema. "Akiwa anawaza, unaweza kubomoa nyumba. Watu wa akili ndivyo walivyo."

"Na binti akifanya hivyohivyo?"

"Huyu ni mtoto. Anawaza nini?"

Alisema hivyo kwa uchovu tu, wala hakuona alichokisema. Mimi nilikiona. Nilishuka ngazi taratibu, nimeshika ukuta, na ule mgongo ninaoutazama kila siku ukanijia mbele ya macho.

Kesho yake nilimpima. Cherehani zilikuwa zimetulia, tunangoja umeme, chumba kimya. Nikasema kwa sauti ya kutosha, "Shemeji, suruali yako imepasuka nyuma." Haikuwa imepasuka. Mafundi wakaangua kicheko. Kichwa akaendelea kuchora mstari wake wa chaki mpaka mwisho, akainua uso, akaona watu wote wanacheka. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha naye akacheka, wa mwisho kabisa, kicheko cha mtu aliyefika kwenye sherehe asiyojua ni ya nani.

"Mnaona?" akasema fundi wa dirishani. "Mtu mzima hajibu upuuzi."

Mimi sikucheka. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamkasirikia, maana siku ileile ilikuwa imekuja habari kutoka shuleni. Mwalimu wa Gogo alikuwa anakuja nyumbani jioni ya Jumamosi kuzungumza na wazazi. Mjomba wetu, kaka wa mama, alishajitangaza kuwa ana jibu. Mtoto atolewe shule, aende kukaa kwake, amsaidie mkewe kazi za nyumbani. "Mtoto mzito usimchoshe na vitabu," alisema. Dada alikuwa analia jikoni. Na Kichwa, aliyeulizwa na kila mtu maoni yake, alikuwa amejibu kama kawaida kwamba atasema siku hiyo, baada ya kuwasikiliza wote.

Mchana wa Ijumaa mafundi walipokwenda kula nilibaki. Nikaenda nikasimama mbele ya meza yake. Nikafungua mdomo na kuutamkisha maneno, bila kutoa sauti hata chembe: "Shemeji, wewe husikii."

"Nani kakwambia?" akasema. "Nasikia vizuri tu."

"Mimi sikutoa sauti," nikamwambia, safari hii kwa sauti.

Aliweka chaki chini. Akatazama mlangoni, kisha akanitazama mimi, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona kwenye uso ule wa busara. Alikuwa anaogopa.

"Ngoma naisikia," akasema polepole. "Mlango ukigongwa nasikia. Maneno ndiyo yanafika yamekatikakatika. Tangu utotoni."

"Dada anajua?"

"Hajui mtu."

"Na binti yako?"

Nikaigonga meza. "Nakuuliza! Binti yako ana nini?"

"Ana langu," akasema.

Nilitaka kumrushia pasi. Miaka yote mtoto anaitwa gogo, na baba yake, mtu pekee duniani anayejua, anakaa kimya na kusifiwa kwa kimya hicho. Nikamwambia kila kitu nilichokuwa nimekiweka moyoni tangu harusi, na sikuchagua maneno. Yeye alinikodolea macho yale yale asiyopepesa, asikose hata tusi moja.

Nilipochoka, akasema, "Shemeji, na mimi niliitwa hivyo. Nyumbani kwetu kila mtu aliniita gogo. Walinitoa shule, wakanipa mbuzi, kwa sababu mbuzi hawaulizi maswali. Nikajifunza midomo. Nikaja huku nisikojulikana, nikasimama kwenye meza hii, nikangoja watu waseme wote ili nijue wamesema nini. Wakaanza kuniita Kichwa. Masikio ni yaleyale. Kule nilikuwa mtoto, huku nimeshika mkasi."

"Basi kesho sema."

"Nikisema, nani ataniachia mkasi? Mkataji asiyesikia oda? Tajiri mwenyewe atakuwepo, mjomba wako amemwalika."

"Usiposema, mtoto atakwenda kuosha vyombo vya watu maisha yake yote."

Akachukua chaki, akaizungusha vidoleni. "Nitasikiliza kwanza watasemaje," akasema.

Hapo nikajua kwamba sina mtu. Nilirudi kwenye kiti changu nimeapa kwamba kesho, asiposema yeye, nitasema mimi, hata kama dada hatanisemesha tena. Usiku sikumwamini, asubuhi sikumwamini, na hata nilipomwona jioni amevaa shati lake jeupe na kupanga viti mwenyewe, nilidhani anajipanga kupokea sifa zake kwa mara ya mwisho.

Sebule ya dada si kubwa. Mjomba alichukua kiti chenye mikono, Tajiri akakaa karibu yake, na mwalimu, mwanamke mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, akakaa kwenye kigoda akakataa kubadilishiwa. Dada alisimama mlango wa jikoni. Gogo alikuwa ameketi sakafuni karibu na ukuta, anatutazama, na mimi nilijua kwamba kila neno linaloanguka anaokota.

Mwalimu alisema kwamba mtoto ni mwema ila hafuati. Akimpa kazi ya ubaoni, wenzake wanaanza, yeye anawatazama wenzake. Darasa limejaa, hana muda wa mmoja mmoja. Mjomba alisema mengi, na yote yalikuwa yale yale. Alimalizia kwa kusema si yeye tu anayeona hivyo. "Ulizeni jumba zima. Wengi wape. Watu wote hawawezi kukosea."

"Lisemwalo lipo," akasema Tajiri. Kisha akamgeukia shemeji. "Lakini tunaye mwenye akili zake. Kichwa aseme, tufunge."

Wote wakamtazama. Mimi nilikuwa nimeshanyanyuka nusu, mdomo wazi.

Kichwa aliinuka. Akatazama nyuso zetu moja moja, kama anavyofanya mezani, na nikajua anazihesabia maoni. Kisha akavuka chumba, akasimama mbele ya binti yake, akiukabili ukuta, mgongo kwetu sote.

"Niulizeni kitu," akasema.

Hakuna aliyeelewa. "Kitu gani?" akauliza mjomba.

Mjomba akajikohoza.

"Nasema kitu gani? Wewe, mkwe!"

Mgongo haukutikisika. "Kichwa!" akaita Tajiri, kwanza kwa utani, halafu kwa nguvu. Dada akaliita jina lake la ndani, lile ambalo mimi sipaswi kulijua. Wote wakaanza kusema pamoja, wakaulizana ana nini, amechukia, amerogwa? Yeye alisimama tu akitazama chini.

Gogo akanyanyua uso kwa baba yake. "Baba," akasema, "wanakuita. Mjomba anauliza kitu gani. Mama anasema geuka, tafadhali. Analia."

Sauti zikakatika. Aliyeelewa kwanza ni Tajiri, na ndiye pia aliyekasirika kwanza. Akajipiga paja. "Ina maana mtu huyu hasikii? Miaka yote namwuliza mtu asiyesikia? Basi hana akili yoyote. Hana lolote huyu!"

Nilitamani mtoto asiyaone hayo. Aliyaona. "Baba, Tajiri anasema huna akili yoyote," akasema, bila kupunguza wala kuongeza. "Anasema huna lolote."

Mabega yalishuka kidogo, nikaona kwa sababu nayajua. "Mwambie nimesikia," akasema Kichwa. "Na mwalimu anasemaje?"

Gogo akachungulia kando ya mguu wa baba yake. "Simwoni. Ameziba mdomo kwa mkono."

Mwalimu kweli alikuwa ameziba mdomo. Macho yamemlowa. Akautoa mkono, akavuta kigoda chake mpaka karibu kabisa na mtoto, akainama wakawa uso kwa uso, akamwambia jambo kwa sauti ndogo. Mjomba akatega sikio, hakuambulia kitu.

"Baba, mwalimu anasema nisiende kwa mjomba. Anasema Jumatatu nije, nitakaa mbele."

Kichwa hakugeuka kututazama. Hakungoja mjomba aseme, wala Tajiri, wala mke wake. Alijibu palepale.

"Mwambie kukaa mbele hakutoshi," akasema. "Mwambie asiongee akiwa ameelekea ubao."

Katika chumba kile hakuna mtu aliyekuwa amelisema hilo kabla yake.